COMENIUS: ASKOFU MKIMBIZI NA SHULE YA MAPAJANI PA MAMA

Katika toleo hili tumeona ni vema tuwaletee habari za maisha ya mtumishi wa Mungu aliyeishi zamani sana. Jina lake ni Jan Amos Komenský, lakini ulimwengu unamjua zaidi kwa jina lake la Kilatini, Comenius. Alikuwa mwalimu, mchungaji, na baadaye askofu. Tena alikuwa mkimbizi kama sisi. Alivuka mpaka wa nchi yake akiwa na umri wa miaka 35, na hakurudi kuishi kwao mpaka kufa kwake akiwa na miaka 78.

Tumemchagua kwa sababu moja. Siku hizi walimu wetu wa chekechea wanaambiwa kwamba watoto wa miaka mitatu, minne na mitano wafundishwe sayansi, teknolojia, uhandisi, sanaa na hesabu. Wazazi wengi wakisikia hivyo wanauliza: Je, mtoto ambaye bado anakosea kuvaa viatu ataiweza sayansi? Na sisi tuliokimbia na mafurushi kichwani, vifaa tutavitoa wapi? Maswali hayo si mapya. Karibu miaka 400 iliyopita Comenius aliyajibu, naye aliyajibu akiwa ukimbizini.

UTOTO WA YATIMA

Comenius alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 huko Moravia, eneo ambalo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, katikati ya Ulaya. Wazazi wake walikuwa washarika wa kanisa dogo lililoitwa Umoja wa Ndugu. Kanisa hilo lilianza mwaka 1457 kati ya wafuasi wa padri Jan Hus, ambaye alichomwa moto akiwa hai mwaka 1415 kwa ajili ya mafundisho yake. Umoja wa Ndugu walipenda mambo mawili kwa namna ya pekee: kuimba nyimbo za Mungu, na kusomesha watoto.

Mwaka 1604 baba yake alifariki. Haukupita muda mrefu mama yake naye akafa, na dada zake wawili pia. Mtoto wa miaka 12 akabaki yatima, akachukuliwa na shangazi yake katika mji wa Strážnice. Mwaka uliofuata vita vikaufikia mji huo, naye akapoteza nyumba mara ya pili. Wale kati yetu waliolelewa na shangazi au mama mdogo baada ya vita wanaelewa jambo hili bila maelezo mengi.

Kwa hiyo alichelewa shule. Alipoingia shule ya Kilatini mjini Přerov mwaka 1608 alikuwa na miaka 16, mkubwa kuliko wanafunzi wenzake. Lakini kuchelewa huko kulimfungua macho. Aliona jinsi wadogo wale walivyokaririshwa maneno ya Kilatini wasiyoyaelewa, na jinsi fimbo ilivyofanya kazi ambayo ingepaswa kufanywa na maelezo mazuri. Alipokuwa mtu mzima aliandika kwa uchungu kwamba shule za wakati ule ziliua akili za watoto badala ya kuzikuza.

Kuanzia mwaka 1611 alisoma vyuo vya Herborn na Heidelberg nchini Ujerumani. Kule Heidelberg alinunua maandishi ya mkono ya Copernicus, yule mtaalamu wa nyota aliyefundisha kwamba dunia inazunguka jua. Comenius hakuikubali hoja hiyo, na katika hilo alikosea. Hata hivyo alitoa fedha zake akainunua kazi ya mtu asiyekubaliana naye, apate kuisoma. Kisha akarudi kwao kwa miguu, safari ya mamia ya kilomita.

VITA, TAUNI NA MAFICHO

Mwaka 1616 alibarikiwa kuwa mchungaji. Mwaka 1618 alipewa usharika wa Fulnek pamoja na shule yake, na katika mwaka huo alioa mke wake wa kwanza, Magdalena. Lakini mwaka uleule ndipo vilipoanza vita vikubwa vya Ulaya, vile vinavyoitwa Vita vya Miaka 30. Tarehe 8 Novemba 1620 jeshi la Waprotestanti lilishindwa katika mapigano ya Mlima Mweupe karibu na Prague. Tangu siku ile watu wa Umoja wa Ndugu hawakuwa na kimbilio katika nchi yao wenyewe.

Mwaka 1621 askari waliingia Fulnek. Mchungaji alikuwa akitafutwa, akakimbia na kujificha. Mwaka 1622 tauni ilimuua Magdalena na watoto wao wawili. Mwaka 1623 vitabu vyake vilichomwa moto hadharani katika uwanja wa mji. Kwa miaka kadhaa aliishi mafichoni kwa msaada wa wakuu waliomhurumia. Huko ndiko alikoandika kitabu chake kiitwacho Mzingo wa Dunia na Paradiso ya Moyo, habari ya msafiri anayezunguka dunia yote akitafuta amani, asiipate mpaka anapoingia moyoni mwake na kumkuta Kristo.

Alioa tena mwaka 1624. Mwaka 1627 mfalme alitoa sheria mpya: asiyefuata dini ya mfalme aondoke. Basi Februari 1628, wakati wa baridi na theluji, Comenius na familia yake walivuka milima wakaingia Poland. Wamoravian wanasimulia tangu zamani kwamba alipofika juu mpakani aligeuka, akaitazama nchi yake kwa mara ya mwisho, akapiga magoti na kumwomba Mungu ahifadhi kule nyuma mbegu iliyofichika, ili siku moja iote tena.

SHULE ISIYO NA UKUTA

Wakimbizi walikusanyika katika mji wa Leszno, nchini Poland. Comenius alipata kazi ya kufundisha katika shule ya mji. Wote waliamini kwamba ukimbizi huo utakuwa wa muda mfupi. Mwaka huu au mwaka ujao vita vitakwisha, tutarudi. Comenius naye aliamini hivyo. Akaanza kujiuliza: Tutakaporudi, nchi iliyoharibika itajengwa na nani? Akaona kwamba itajengwa na watoto ambao sasa hivi wamebebwa mgongoni. Kwa hiyo hakungoja kurudi ndipo aanze kuwafundisha.

Ndipo alipoandika kitabu kidogo cha kuwasaidia wazazi wenye watoto wa chini ya miaka sita. Alikiandika kwanza kwa Kicheki, lugha ya wakimbizi wenzake, na mwaka 1633 kikachapwa kwa Kijerumani pale Leszno. Alikiita kitabu cha shule ya mama. Alisema kwamba shule ya kwanza ya kila mwanadamu ni mapajani pa mama yake, na mwalimu wa kwanza ni mzazi, awe amesoma au hajasoma.

Wapendwa, hapa tunaomba msome polepole, maana ndipo ulipo moyo wa habari yetu. Comenius alichukua elimu zote kubwa za vyuo, akaonyesha kwamba mwanzo wa kila moja uko nyumbani.

Elimu ya viumbe, alisema, huanza mtoto anapojua maji ni nini, moto ni nini, mvua, jiwe, chuma, mti na majani; anapotofautisha ndege na samaki; anapotaja viungo vya mwili wake na kazi ya kila kiungo. Elimu ya mwanga huanza anapotazama mwanga na giza, na kujua rangi. Elimu ya nyota huanza anapoonyeshwa jua, mwezi na nyota. Jiografia huanza pale anapolala na pale anaponyonya. Halafu anajua chumba, njia, shamba, mlima, mto, kijiji. Historia huanza anapokumbuka jambo lililotokea jana, kisha lile la juma lililopita, kisha la mwaka jana.

Hesabu huanza anapojua kingi na kichache, kabla hata ya kujua tarakimu. Baadaye anahesabu mpaka kumi, kisha mpaka ishirini, na kuona kwamba saba ni zaidi ya tano. Elimu ya vipimo huanza kwa kikubwa na kidogo, kirefu na kifupi, chembamba na kinene. Halafu mstari, msalaba na duara. Halafu shubiri na dhiraa.

Je, ufundi? Comenius alisema watoto hawapendi kukaa bure, ni kama sisimizi wanaosukuma na kubeba kitu wakati wote. Basi wasizuiwe. Waachwe wakate, wapasue, wafunge na kufungua, wapange na kupangua, wajenge vijumba vya udongo, vijiti na mawe. Wapewe vijembe na vigari vya kuchezea, kwa maana mtoto anayecheza kazi anajifunza kazi. Na mzazi asione aibu kucheza naye.

Je, sanaa? Alisema mtoto wa miaka minne au mitano apewe chaki au kipande cha mkaa, achore vitone, mistari na viduara anavyotaka. Bila kujua, mkono wake unajiandaa kuandika. Na muziki huanza kwa kilio cha kuzaliwa; kisha mama humwimbia, kisha mtoto huitikia, na mwishoni huimba mwenyewe nyimbo za Mungu.

Hayo yote aliyaweka pamoja na mambo mengine ambayo kwake hayakutengana na elimu: kumcha Mungu, kusema kweli, kiasi katika kula, adabu kwa wakubwa, na afya ya mwili. Aliwaonya akina mama wajitunze tangu mimba, na wanyonyeshe watoto wao wenyewe.

Tena hakutaka mtoto mdogo alazimishwe. Alishauri asipelekwe katika shule ya madawati kabla ya miaka sita, kwa sababu mdogo anahitaji uangalizi wa karibu kuliko ule anaoweza kuutoa mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake. Na siku ya kwenda shule ikikaribia, wazazi wasimtishie mtoto kwa fimbo ya mwalimu. Wamsimulie shule kama sikukuu inayokuja.

KITABU CHA PICHA

Sifa zake zilienea. Mwaka 1631 alitoa kitabu cha kufundishia lugha kilichotafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya. Mwaka 1632 alichaguliwa kuwa mmoja wa maaskofu wa Umoja wa Ndugu. Aliitwa Uingereza mwaka 1641, halafu akaitwa na Uswidi kutengeneza vitabu vya shule. Kuanzia 1650 hadi 1654 alifundisha Sárospatak, nchini Hungaria, ambako wanafunzi wake walijifunza masomo kwa kuyaigiza kama mchezo jukwaani.

Akiwa Hungaria alitayarisha kitabu kilichomfanya ajulikane kuliko vyote, Orbis Pictus, yaani Dunia kwa Picha. Huko hakukuwa na mafundi wa kuchonga picha za kuchapa, kwa hiyo kazi ilipelekwa Nuremberg, Ujerumani, na kitabu kikatoka mwaka 1658. Kilikuwa na picha 150. Mna picha ya moto, ya mawingu, ya nyuki na asali, ya mwoka mikate, ya mvuvi, ya seremala. Kila kitu katika picha kimewekewa namba, na maneno yaliyo chini yana namba ileile, ili mtoto aone kitu na jina lake kwa pamoja. Mwanzoni kabisa mna alfabeti inayofundishwa kwa sauti za wanyama: kunguru analia hivi, mwana-kondoo analia hivi. Vitabu vya picha wanavyofungua watoto wetu wa chekechea leo ni wajukuu wa kitabu hicho.

AHADI ZILIZOPITA NA MOTO WA LESZNO

Lakini tusidhani maisha yake yalinyooka. Mwaka 1648 vita vilikwisha kwa mkataba wa amani wa Westphalia. Wakimbizi wa Leszno waliusubiri mkataba huo kama sisi tunavyosubiri habari za amani redioni. Uliposomwa, haki ya Ndugu kurudi kwao haikuwemo. Mwaka huohuo mke wake wa pili alifariki. Mwaka 1650 Comenius aliandika wasia wa kanisa lake, kama mama anayekufa na kugawa mali kwa wanawe, kwa kuwa aliona Umoja wa Ndugu unakwisha.

Katika uchungu huo alishika tumaini ambalo halikumfaa. Walikuwepo watu waliodai kuona maono kwamba ufalme uliowafukuza utaanguka upesi na wakimbizi watarudi. Comenius aliwaamini, akachapa maono yao mwaka 1657. Hayakutimia, na wasomi wengi wakamcheka. Pia jeshi la Uswidi lilipoingia Poland mwaka 1655, alimwandikia mfalme wa Uswidi sifa akitarajia ukombozi. Aprili 1656 askari wa Kipoland waliurudia mji wa Leszno na kuuteketeza. Nyumba yake, vitabu vyake na maandishi yake viliungua, pamoja na kamusi ya Kicheki na Kilatini aliyoifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 40. Alikuwa na miaka 64. Akawa mkimbizi tena, safari hii Amsterdam, Uholanzi.

Kule alipokelewa na tajiri Laurens de Geer, na kwa msaada wa mji wa Amsterdam vitabu vyake vyote vya ualimu vikachapwa pamoja mwaka 1657. Kile kitabu kidogo cha shule ya mama kilikuwa ndani yake. Comenius alifariki tarehe 15 Novemba 1670, akazikwa katika mji mdogo wa Naarden. Alikuwa amekaa ukimbizini miaka 42.

MBEGU ILIOTA

Tukiangalia sasa tunaona jambo la ajabu. Maono aliyoyaamini hayakuleta kitu. Wafalme aliowategemea hawakumrudisha kwao. Lakini kile alichowaandikia mama wakimbizi wenye watoto mgongoni kilidumu. Mwaka 1840 Mjerumani Friedrich Fröbel aliipa shule yake ya watoto wadogo jina la bustani ya watoto. Mwaka 1907 daktari Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma. Wote wawili waliwafundisha wadogo kwa vitu vya kushika mkononi. Njia hiyo Comenius alikuwa ameionyesha zamani.

Na kanisa lake? Mwaka 1722 wakimbizi wengine kutoka Moravia, waliokuwa wametunza imani ya Ndugu kwa siri nyumbani, walifika Ujerumani na kujenga kijiji cha Herrnhut. Mwaka 1735 askofu wa kwanza wa kanisa hilo lililofufuka aliwekewa mikono na Daniel Ernst Jablonski, mjukuu wa Comenius kwa binti yake. Kutoka Herrnhut wamisionari walitawanyika duniani, na mwaka 1891 wakafika Rungwe, kusini mwa Tanganyika. Kanisa la Moravian ambalo majirani zetu wengi wanalijua ni tawi la mti huo. Ile mbegu iliyoombewa mpakani kwenye theluji imefika huku kwetu.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu zetu, hatujui siku ya kurudi. Comenius naye hakuijua. Lakini mtoto wa miaka minne hasubiri. Mwaka ujao atakuwa na mitano, na miaka hiyo hairudi. Tazameni basi jinsi shule yake ilivyo karibu nasi.

Mama akichambua maharage, mtoto na ahesabu, aweke mabovu huku na mazuri kule. Yakimwagwa majini, na atazame yapi yanaelea na yapi yanazama, kisha aulizwe kwa nini. Tukienda bombani, na abashiri vikombe vingapi vitajaza kidumu kidogo, ndipo apime. Kivuli cha nyumba asubuhi na adhuhuri, na akipigie mstari kwa kijiti, aone kimehama wapi. Baba akifyatua matofali, mtoto na afyatue yake madogo na kujenga ukuta. Ukianguka, wajadiliane umeanguka kwa sababu gani, kisha wajenge tena. Gari la waya na mpira wa makaratasi ni uhandisi. Mkaa uliozimika ni kalamu. Ngoma na pambio ni muziki, na kuhesabu mapigo yake ni hesabu. Tuwajibu maswali yao, na tusilolijua tuwaambie twende tukalitazame pamoja.

Walimu wetu wa chekechea wanafanya kazi kubwa, nasi tuwaunge mkono. Lakini wao wanakaa na watoto saa chache, na darasa limejaa. Saa nyingine zote ni zetu. Leszno iliungua, kamusi ya miaka 40 ikawa majivu, lakini watoto waliofundishwa mapajani waliondoka na elimu yao kichwani, wala hapakuwa na askari wa kuwanyang'anya mpakani.

Mungu aliyemtunza mtumishi wake ugenini azitunze familia zetu, na awape wazazi wote hekima na subira ya kulea. Amina.